Mkono wa Santuri

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipohama Unguja kuja Maskati mwaka 1972, alizifunga sahani tatu za santuri ndani ya kanga za mama. Iliyosalia nzima ni moja tu, ya Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kutia sauti yake katika sahani. Santuri ya zamani hatunayo tena. Mkono wake ulikuwa mzito, na sindano yake ya chuma ilibadilishwa kila upande mmoja ulipokwisha. Baba hakumruhusu mtoto yeyote kuugusa.

Santuri niliyoinunua mimi ni ya umeme, yenye mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika, na sindano nene inayoenea mifereji mipana ya sahani za kale. Mkono wake ni mwepesi mno, na wepesi huo ndio ulioniponza. Mwaka jana nilikuwa nikiusawazisha. Kifuniko cha sindano nilikwisha kukitoa, kwa kuwa nacho kina uzito na huharibu kipimo. Sahani, kwa uvivu wangu, niliiacha mahali pake. Mkono wa kanzu ukaunasa mkono wa santuri. Sindano ikavunjika, na sahani iliyovuka bahari salama ikapata mkwaruzo nyumbani kwangu.

Tangu hapo kazi hiyo naifanya na mjukuu wangu, kwani vidole vyangu vimeanza kutetemeka. Kwanza huiondoa sahani na kukunja mikono ya nguo. Springi inayozuia mkono usivutwe ndani huiweka kwenye sifuri. Kisha huuzungusha uzani wa nyuma polepole mpaka mkono uelee wenyewe, usipande wala usishuke, mfano wa mizani ya sonara. Huurudisha kwenye kishikizo chake, huizungusha pete ya namba peke yake hadi sifuri, ndipo huzungusha uzani na pete pamoja mpaka gramu 4, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi ya sindano. Mwisho huirudisha springi kwenye kipimo chake. Mkono huushusha kwa wenzo, si kwa kidole.

Juzi Siti aliimba. Sindano ilipofika penye mkwaruzo, kila mzunguko ukatoa mlio. Nikainamisha kichwa.

"Babu, niinue?"

"Iache imalize, mwanangu."

Akakaa, mkono juu ya wenzo, mpaka upande ukesha. Ufunguo wa kabati la sahani sasa anao yeye.