Mpeleke Mtoto Akasikie Maji

Ikiwa wewe ni mzazi na unaishi katika majumba ya gorofa ya Ruiru, hebu tazama mwanao anachezea wapi. Mashamba mengi ya kahawa yamegeuzwa ploti, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini humo. Kwa watoto wengi, ngazi ndiyo uwanja.

Jambo hili si dogo. Mwaka huo wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walichunguza rekodi za watu zaidi ya 900,000. Waliokulia pasipo na miti na nyasi za kutosha walikabiliwa na hatari ya maradhi ya akili iliyozidi ya wenzao kwa hadi asilimia 55, hata baada ya kuzingatia hali ya wazazi.

Basi pandeni matatu hadi Thika. Pale Blue Posts, hoteli ya tangu 1908, mito ya Chania na Thika ina maporomoko yake. Mwache mtoto asikilize, atazame ndege, aulize maswali. Karibu na ukingo mshike mkono, kwani miamba huteleza.

Ukirudi Ruiru, muulize mwenye ploti: miti ya watoto hawa itapandwa wapi?