Ticha, bustani ya ukutani na ua lisilo na petali

Kuna ticha mmoja wa darasa la pili, jina kapuni, anafundisha shule ya msingi ya serikali huko Temeke. Wadau wanaofuatilia kurasa za maticha Instagram huenda walishakutana na picha yake: ukuta mzima umegeuka bustani. Udongo ni viroba vilivyochanwa, uzio ni vijiti vya aiskrimu, jua ni vizibo vya soda vilivyopakwa njano, vipepeo ni vipande vya kitenge alivyoomba kwa fundi cherehani wa mtaani kwao. Ndani ya siku mbili posti ikajaa likes, na komenti za "hongera mwalimu" mpaka basi.

Picha hiyo leo ukiitafuta huipati. Kaifuta mwenyewe.

Wazo lilitoka Pinterest, na hapo hana cha kuficha. Maticha wa Marekani wana utamaduni wa kuuvalisha upya ubao wa matangazo wa darasani kila msimu unapobadilika. Majani yakianza kudondoka kule kwao, wanabandika majani. Desemba theluji. Ikifika Machi na Aprili, baridi ikiisha, inakuja bustani: kila mtoto anapewa ua lenye jina lake, kila akimaliza kitabu anaongezewa petali. Inavutia, tena inaeleweka haraka. Ticha wetu akaibeba kama ilivyo, pamoja na tulipu zake. Watoto siku ya kwanza wakamuuliza, "Madam, hivyo vikombe ni vya nini?" Mtoto wa Mbagala tulipu ataijulia wapi jamani.

Ukuta wenyewe ni wa maktaba, ingawa mwaka juzi ilikuwa stoo ya majembe. Makabati mawili, mkeka mmoja, dirisha lenye nondo. Kiwango cha serikali kwa darasa la msingi ni wanafunzi 45, lake lina 91. Fikiria sasa: maua 91, majina 91, manila na gundi kutoka mfukoni mwake, mshahara wenyewe unajulikana. Kazi ya wikiendi tatu.

Wiki za mwanzo ilikuwa raha. Watoto walikuwa wanakimbilia maktaba siku ya Alhamisi kama kuna ubwabwa. Halafu maua yakaanza kutofautiana. Kabinti kamoja, mama yake ni nesi, nyumbani kuna vitabu, kakafikisha petali 14 mpaka zikawa zinapandiana. Wengi wakabaki na tatu, nne. Na kulikuwa na kijana mmoja wa dawati la nyuma, wa kuchelewa namba, ambaye ua lake lilikuwa kikonyo cha kijani na jina. Basi. Mwezi mzima kikonyo na jina.

Alhamisi ya tano hakuingia maktaba, alisema tumbo linauma. Ya sita tena tumbo.

Siku ya kikao cha wazazi akaja bibi yake. Bibi ni muuza mboga, ana matuta yake bondeni, na kusoma hajui. Akazunguka kuangalia ukuta, akamwomba mama mmoja amwonyeshe jina la mjukuu wake liko wapi. Akaonyeshwa. Kusoma hajui, ila petali anazihesabu. Ticha akamfuata, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Hili la mjukuu wangu limekosa maji?"

Hakuuliza kwa ubaya, alikuwa anacheka kidogo. Ticha ndiye hakuweza kucheka.

Jioni akafungua simu, akakuta kwenye ile posti kuna mtu kakuza picha, kazungushia duara kile kikonyo, kaandika, "na huyu kilaza ni nani?" Emoji za kucheka kama zote. Jina la mtoto wa miaka minane linasomeka vizuri kabisa. Hapo ndipo picha ilipofutwa, ila ikishatoka Instagram nani anajua iko kwenye magrupu mangapi.

Ukiliangalia bila mbwembwe, lile halikuwa pambo. Ni orodha ya matokeo iliyopakwa rangi, na tofauti yake na matokeo ya mtihani ni kwamba hii haibanduliwi, mtoto anaikuta kila akiingia. Aliyekuwa anasoma tangu zamani anapata sababu ya kuendelea. Anayehangaika na silabi anapata sababu ya kuumwa tumbo. Bustani ya kweli haiko hivyo hata kidogo, papai na mchicha havishindani. Hata yule Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyezipa shule za watoto wadogo jina Kindergarten mwaka 1840, yaani bustani ya watoto, aliwapa watoto vitalu halisi vya udongo: kimoja kimoja cha kila mtoto, na sehemu ya wote. Ile sehemu ya wote maticha wa Pinterest wameisahau.

Kuna mwalimu wa siku nyingi pale shuleni, anakaribia kustaafu, naye aliwahi kumwambia, "Mwanangu, ukuta ukiongea sana mwalimu hasikiki." Ticha alidhani ni wivu wa kizee. Kumbe kuna watu wamelipima. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwafundisha watoto 24 wa chekechea masomo sita ya sayansi, matatu katika chumba kilichojaa mapambo na matatu katika chumba chenye kuta tupu. Kwenye kuta tupu watoto walipata asilimia 55 ya majibu, kwenye mapambo 42. Macho yalikuwa yanatalii. Kwa hiyo vipepeo vilivyokuwa vimeanza kuhamia darasani, pembeni ya ubao, vikarudishwa maktaba. Huko hakuna anayefundisha, mtoto anachagua kitabu tu, macho yakitalii si kosa.

Maua yenye majina yakabanduliwa yote, hata la mtoto wa nesi, ambaye alinuna wiki nzima (na tusimlaumu, alizihangaikia). Tulipu zikaondoka. Yakapandwa matuta ya mchicha, matembele, bamia, na mpapai mmoja pembeni. Kitabu kikisomwa, jani linabandikwa kwenye tuta la wote, limeandikwa jina la kitabu na kitu kimoja msomaji alichokipenda. Kusomewa na mwenzako nako kunahesabika.

Yule kijana akarudi Alhamisi. Akasimama mbele ya ukuta, akasema, "Madam, umekosea." Mchicha hauwekewi maua. Wa kuuza unang'olewa wiki ya tatu au ya nne, ukishatoa maua umekomaa, hakuna mtu ananunua. Unaoachwa utoe maua ni wa mbegu peke yake. Kayasema yote hayo mkono mfukoni, kama bwana shamba.

Ticha akampa kadi, aandike. Ikachukua kipindi kizima na rafiki yake akamtajia herufi mbili. "Mchicha wa mbegu usingolewe." Ikabandikwa hivyo hivyo. Baada ya siku kama tisa mtu alikuwa amechomeka king'ong'o kwa kalamu nyekundu, na ticha anaapa si yeye.

Sasa mkuu wa shule anataka maua yenye majina yarudi, kwa sababu wathibiti ubora wanakuja na walishasikia habari za ule ukuta. Mgeni akiona majina anajua kazi inafanyika, ndivyo anavyosema. Ticha kajibu, "Sawa Mkuu," na wiki ya pili hii hajabandika hata moja. Mvua za masika zimeingia, bati la maktaba linavuja upande wa mpapai, gundi ya unga wa ngano inaachia. Kadi ya mchicha wa mbegu imeshabanduka kona moja.