Baba Yako Yu Hai

Muheza, mwanzoni mwa Septemba

Mwanangu,

Bibi yako magoti yanamsumbua, ng'ombe mwekundu kazaa, vuli bado. Hayo yatoshe.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu hukatika, na neno hili sitaki likatike. Juzi shangazi yako alinipigia. Alianza na habari njema, kwamba umeamua kuomba chuo cha MIT, Marekani. Nikasema Alhamdulillahi. Kisha akashusha sauti. Akasema kuna kijana hapo mjini, ana chumba ghorofani na kompyuta mbili, na umeshampa laki tatu za kutangulia akuandikie insha za maombi. Na katika insha hizo wewe ni yatima, umelelewa kituoni, umeanzisha chama cha kuwagawia wasichana taa za jua.

Kama ni uzushi, nisamehe na uichane barua hii. Kama ni kweli, isome mara mbili.

Baba yako yu hai, mwanangu. Sikukuu ya Idi alikaa mkekani kwangu akila pilau kwa mkono ule ule wenye kovu la rejeta. Nani amekuruhusu umzike mdogo wangu?

Usidhani nasema nisichokijua. Siku mbili usiku nimekaa na simu ya kaka yako nikisoma habari za chuo hicho, miwani puani, kamusi pembeni. Kimeanzishwa mwaka 1861, na tangu 1916 kiko Cambridge, ng'ambo ya mto ukitokea Boston. Kaulimbiu yao ni ya Kilatini, maana yake akili na mkono. Nilipofika hapo nikaiweka simu chini, nikatoka kukaa barazani. Miaka 31 nimekuwa fundi wa korona, ile mashine ya kuchakata majani, kwenye shamba la mkonge, na sikuwahi kusikia mtu wa chuo kikuu akiuweka mkono sambamba na akili.

Mlango wao ni mwembamba, hilo nakubali. Mwaka 2024 waliomba watu zaidi ya 28,000, wakakubaliwa wasiofika 1,300, na kwa waombaji wa nje ya Marekani unabana zaidi. Nadhani hesabu hiyo ndiyo iliyokupandisha ngazi za yule kijana. Ukajiambia, mimi binti wa fundi gereji nina nini cha kuwaeleza watu wale? Heri niazime maisha ya mtu mwingine.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata baba yako halijui.

Mwaka 1974 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya ufundi. Mwalimu wa karakana alimpa kila mmoja wetu kipande cha chuma, tukifunge kwenye jiliwa na kukipiga tupa mpaka kiwe mchemraba wa inchi mbili, pande sita zilizonyooka. Kipimo chake kilikuwa hiki: unaweka guniya juu ya upande, unainua kuelekea dirishani, na mwanga usipite katikati. Tulipewa wiki sita. Tupa inakula ngozi ya kiganja, na ukiisukuma kwa pupa inayumba, pembe zinalika zikawa mviringo kama sabuni iliyokwisha kutumika. Changu kilikuwa sabuni.

Mjini palikuwa na fundi mmoja mstaafu wa reli. Nilimpa nauli yangu ya likizo, akanitengenezea mchemraba unaong'aa kama sarafu mpya. Siku ya kukabidhi, mwalimu aliuinua dirishani. Mwanga haukupita. Akageuza upande wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Hakusema kitu. Akafungua kabati, akatoa kipande kibichi, akakiweka mbele yangu na tupa juu yake, akavuta stuli akaketi. Akasema, "Endelea."

Nikaanza. Darasa zima lilinyamaza, inasikika tupa yangu peke yake, na kila nilivyosukuma ndivyo ilivyoyumba. Baadaye akasema, "Basi." Hakunichapa. Nilitamani anichape.

Mwaka uliofuata zikaja nafasi mbili za kwenda kusomea mitambo nje ya nchi, na kila mwombaji alitakiwa awe na barua ya mwalimu wa karakana. Kwa hesabu nilikuwa wa kwanza darasani. Nilimwendea jioni, akiwa anafagia vumbi la chuma kwenye meza. Akanijibu bila kuinua uso, "Siwezi kuandika nisichokiona." Wakaenda wenzangu wawili.

Na hiki ndicho kinachoniuma hadi leo. Baada ya aibu ile nilikuwa naingia karakana kila jioni peke yangu, na kabla ya mwaka huo wa pili kwisha nikaweza. Mchemraba wa mikono yangu, pande sita, guniya juu yake, mwanga haukupita. Lakini barua zilikuwa zimekwisha kwenda. Uwezo nilikuwa nao, mwanangu, ulikuwa njiani unakuja. Nilichokosa ni subira ya kuungoja.

Ndiyo maana mimi nilibaki kwenye mkonge, na baba yako akasoma kwa mshahara wa mkonge. Sijamdai, wala asante sijaisikia. Tuliache.

Turudi kwa yule kijana wako. Amekueleza kwamba chuo huweza kumpanga mmoja wa wahitimu wake azungumze na mwombaji, ana kwa ana au kwa video? Atakuuliza jina la kituo ulicholelewa, nani alikuwa akipika, ulilala na nani chumbani. Utaanza kupiga tupa mbele yake. Amekueleza kwamba fomu ya msaada wa masomo inataka mapato ya wazazi? Marehemu halipwi mshahara. Na ukipita kote huko, uongo unaweza kukufuata hata baada ya kuingia, kwa maana wakiubaini wana haki ya kuiondoa nafasi waliyokupa.

Tena chuo hicho hicho kimelionja jambo hili ndani ya nyumba yake. Mama aliyekuwa mkuu wa udahili, mtu aliyepata sifa kwa kuwahimiza vijana wapunguze mbio na wawe wakweli, alijiuzulu mwaka 2007 ilipobainika kwamba shahada alizoandika alipoajiriwa mwaka 1979 hakuwa nazo. Miaka 28 ya kazi, na kazi yenyewe ilikuwa nzuri, watu walimpenda. Jina lake silitaji, aibu yake imetosha. Lakini fikiri alivyokuwa akilala. Kila aliyebisha hodi ofisini kwake huenda alimshtua.

Sasa sikiliza ulicho nacho wewe.

Likizo ile ya kidato cha nne, mashine ya kusaga ya hapa kijijini ilikuwa inatoa unga wa chenga. Siku ya kwanza ukasema injini imechoka. Tukafungua nozeli, dizeli ikamwagikia gauni lako, tukaifunga tena, na unga ukatoka chenga vile vile. Wanawake waliokuwa foleni wakakucheka. Usiku hukula. Asubuhi ulirudi na uzi wa kushonea wa bibi yako, ukauzungusha kwenye puli ya injini, ukaupima kwa rula, ukauzungusha kwenye puli ya kinu, ukapima, ukagawanya kwa chaki ukutani. Ukamuuliza mwenye mashine, "Puli hii ya kinu ni ya tangu zamani?" Akasema hapana, ile ya mwanzo ilipasuka, akafunga aliyoipata, kubwa kidogo. Ukamwambia, basi kinu kinazunguka polepole kuliko kilivyokuwa, mkosaji si injini. Alipopata puli ya kipimo cha awali, unga ukalainika. Chaki yako ipo ukutani mpaka leo, mwenye mashine amekataza isifutwe.

Miongoni mwa mambo wanayouliza wale watu ni kitu gani unakifanya kwa kukipenda tu, na jambo gani lilikwenda kombo ukalikabili vipi. Kijana wa ghorofani ataandika nini kinachopita uzi ule? Andika na kosa la siku ya kwanza, na gauni, na kicheko cha wanawake. Usilipambe. Kiingereza chako kikiyumba mahali, mwombe mwalimu akuoneshe ulipokosea, kisha urekebishe mwenyewe.

Mengine ni mafupi.

Barua za walimu ni mbili: mmoja wa hesabu au sayansi, mwingine wa lugha au masomo ya jamii. Wewe ni wa PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu, kwa hiyo huyo wa pili mtafute mapema, na awe aliyekuona ukifanya kazi.

Mtihani wa SAT waliusimamisha wakati wa UVIKO, wakaurudisha mwaka 2022. Jisajili sasa.

Maombi ya mapema hufungwa tarehe 1 Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Chukua ya Januari, hujachelewa. Majibu yake hupenda kuyatoa tarehe 14 Machi, kwa sababu Mmarekani huanza na mwezi, naye huisoma 3.14, ile pai yenu.

Ada ya maombi ni dola 75, na asiyeiweza huomba asamehewe. Wakati wa kuchagua hawaangalii mfuko wa mzazi, hata kwa mgeni, na wakishakuchukua hupima uwezo wa nyumbani kisha huziba pengo. Kwa hiyo umaskini wetu hauhitaji kuongezewa kifo.

Omba na Mlimani pia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na uangalie Zanzibar, ambako IIT Madras ya India imefungua tawi tangu 2023. Mvuvi hategemei dema moja.

Na nimesoma kwamba pale hawakuachi uhitimu bila kuogelea, au uchukue somo la kuogelea. Hilo bahari ya Pangani ilishakufundisha, nami nilikuwa nimesimama ufukweni.

Usiponipata kwenye orodha ya waliokuombea, ujue nimekufa. Lakini naomba upate kwa jina lako. Usipopata, utarudi hapa na jina lako, nasi tutakupokea hivyo. Ukipata kwa jina la yule yatima, ni nani tutakayemsindikiza uwanja wa ndege? Baba yako atasimama wapi siku hiyo, kwenye msafara wa mtoto aliyeandika kwamba hana baba?

Zile laki tatu zihesabu zimepotea, usizifuate kwa ugomvi. Akirudisha, sawa. Insha zake zifute zote, usibakize hata sentensi uliyoipenda.

Shangazi yako nimemwambia afunge mdomo, nami baba yako sijamwambia. Nakupa mpaka Jumapili. Nenda gereji baada ya adhuhuri, kazi inapopungua, umweleze mwenyewe. Atakasirika, kisha atakuuliza umekula. Umalize yote kwake kabla hujaandika neno la kwanza la insha yako.

Wassalaam,

Mimi baba yako mkubwa