Ingekuwaje Barre Angekubali?

Msimamizi wa tasnifu yangu hapendi neno "ingekuwaje". Historia, anasema, ni yaliyotokea. Lakini kila nikisoma kuhusu Pembe ya Afrika, nakwama kwenye mkutano mmoja wa Aden, Machi 1977.

Wakati huo himaya ya Ethiopia ilikuwa imepasuka. Haile Selassie alikuwa ameondolewa Septemba 1974, Eritrea ilikuwa vitani, na wanajeshi waliotwaa madaraka walikuwa wakiuana wenyewe kwa wenyewe. Majirani walitazama, kila mmoja na hesabu zake. Kenya ilibaki upande wa Addis Ababa, kwa sababu nyota ya bendera ya Somalia ina pembe tano, na moja ilidai kaskazini mwa Kenya. Siad Barre, kule Mogadishu, aliona mlango umeachwa wazi.

Fidel Castro aliwakutanisha Barre na Mengistu, akapendekeza shirikisho la kijamaa la Ethiopia, Somalia na Yemen Kusini. Barre alikataa. Julai majeshi yake yalikuwa ndani ya Ogaden, Septemba yakaiteka Jijiga. Wasovieti, waliomfunza na kumpa silaha, wakahamia kwa adui yake. Wakuba wakaja kwa maelfu. Machi 1978 Somalia ilirudi nyuma, na nchi haikupona. Mwaka 1991 Barre alikimbia Mogadishu. Mwaka huohuo kambi za Dadaab zilifunguliwa.

Kwa hiyo, angekubali je? Jioni moja nilimweleza rafiki ninayeishi naye chumba kimoja, mzaliwa wa Dadaab: hakuna vita, bandari ni za wote, wafugaji wanavuka na ngamia wao bila kuulizwa karatasi. Alisikiliza hadi mwisho, akimimina chai.

"Katika dunia yako," akasema, "wazazi wangu hawakutani. Walijuana kwenye foleni ya maji kambini."

Kisha akauliza: "Na watu wa Ogaden, nani aliwauliza kule Aden?"

Hakuna aliyewauliza. Shirikisho lingeweza kuzuia vita. Lingeweza pia kuwa himaya ileile yenye jina jipya. Aliyevamia na aliyehubiri undugu walizozania nyumba, na waliolala ndani hawakuitwa.

Sura hiyo bado naiandika, msimamizi apende asipende. Ila swali lake la kwanza sasa ni jingine: ingekuwaje kama, mwaka 1974, mtu angekwenda Jijiga kuuliza?