Spock Bila Ubongo

Tamthilia ya Star Trek ilitufikia Tanga kwa kaseti. Miaka ya 1980 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni. Wazanzibari walikuwa na chao, tena cha rangi, tangu 1973. Sisi tulitegemea deki za ndugu waliobahatika kusafiri. Mjomba wangu alikuwa baharia, na kila aliporudi na kaseti mpya sebule yake ilijaa mtaa mzima, wakubwa kwenye viti, watoto mkekani.

Mkanda wa kwanza kuuona ulikuwa "The Man Trap", sehemu iliyofungua tamthilia hiyo Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Kuna kiumbe anayeua watu ili afyonze chumvi ya miili yao, na humjia kila mmoja kwa sura ya mtu aliye moyoni mwake. Uhura, ofisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols, anajiwa na mwanamume anayemsemesha Kiswahili. Sebule nzima ikapiga kelele! Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kuungaunga, lakini kilikuwa chetu, na kilikuwa kinasemwa ndani ya chombo cha angani. Mjomba aliurudisha mkanda mara kadhaa, na hakuna aliyechoka.

Baadaye ikaja "The Devil in the Dark". Wachimba madini wanauawa na dude la mawe huko chini ya ardhi, wote wanataka liuawe, mpaka Spock, ofisa mwenzake Uhura, anapoligusa na kuhisi maumivu yake: ni mama anayelinda mayai yake. Mama yangu, ambaye picha za angani hazikumhusu, aliacha ushonaji akatazama hadi mwisho.

Kwa hiyo "Spock's Brain" ilipowekwa tulikuwa tumejiandaa kwa mambo makubwa. Mwanamke mgeni anatokea ndani ya Enterprise, chombo cha akina Spock, anabonyeza kitufe kwenye bangili, wote wanazimia. Wanapozinduka, Spock amelala mwili mzima, ubongo haupo. Dakta McCoy anasema mwili huo hautavuka saa 24. Uhura anauliza wanautakia nini ubongo wa Spock, na hilo ndilo swali bora kuliko yote yaliyoulizwa humo. Jibu lake ni dhaifu mno. Ubongo umechukuliwa uendeshe hewa, maji na joto katika mji wa chini ya ardhi, wanakoishi wanawake wenye akili za watoto wadogo, wasiojua hata mji wao unaendeshwaje. Tamthilia iliyotupa Uhura kwenye kiti cha ofisa sasa ilituletea hawa.

Kilichoniuma zaidi ni ile safari ya kuutafuta ubongo. McCoy ameshika kijidude cha vitufe. Akibonyeza, Spock anainuka. Akibonyeza tena, anapiga hatua, macho makavu, mikono imening'inia, na kila hatua inasikika mlio wa kitufe. Watoto walicheka. Mjomba hakucheka. "Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tulivyoitana, "steringi wetu wamemfanya sanamu." Mwishoni McCoy anaurudisha ubongo kwa elimu aliyopewa na mashine, elimu inamtoka katikati ya kazi, na Spock, fuvu likiwa wazi, anamwelekeza namna ya kumaliza.

Nilipokuwa mtu mzima nikanunua diski, nikaanza kusoma majina. Mwongozaji wa "Spock's Brain" ni Marc Daniels, yule yule wa "The Man Trap". Mwandishi anaitwa Lee Cronin, jina la kujificha la Gene L. Coon, ndiye aliyeandika "The Devil in the Dark". Ni watu wale wale, wenye kipaji kile kile. Basi kilichoharibika kilikuwa nje yao. Tamthilia ilipokaribia kufutwa, barua za watazamaji zilikilazimisha kituo chake, NBC, kutangaza hewani, tarehe 1 Machi 1968, kwamba msimu wa tatu utakuwepo. Lakini waliupeleka Ijumaa saa nne usiku, wakati vijana, ndio watazamaji wenyewe, wametoka. Fedha zikapunguzwa. Gene Roddenberry, mwanzilishi, aliponyimwa muda mzuri alijiweka kando, akaja mtayarishaji Fred Freiberger. Coon alikuwa ameshahamia Universal. Alipokuwa mtayarishaji alizisahihisha hadithi za wenzake bila huruma; sasa hapakuwa na Coon wa kumsahihisha Coon. "Spock's Brain" ndiyo iliyofungua msimu huo, tarehe 20 Septemba 1968, na tarehe 3 Juni 1969 Star Trek ikafikia sehemu yake ya 79 na ya mwisho.

Naipenda bado, na anayetaka kuanza namshauri aanze na yule mama wa mawe, kisha amsikilize Uhura. "Spock's Brain" aiweke mwisho kabisa, na akifika hapo asiwalaumu waigizaji. Leonard Nimoy, aliyekuwa Spock, aliandika baadaye kwamba muda wote wa kuirekodi aliona aibu.