Kutoka Kashuga hadi Tanga: nyundo chini ya maji

Kashuga, kijiji chetu mashariki mwa Kongo, haina bahari. Ina milima ya Bashali, mashamba ya maharage, barabara ya udongo inayotoka Mweso kwenda Kalembe na Pinga, na kambi za watu waliokimbia vita vya vijiji vingine. Sisi wenyeji nasi tumezikimbia nyumba zetu, tukarudi, tukakimbia tena. Kwa hiyo shangazi yangu aliyeolewa Tanga aliponitumia nauli akisema njoo uone bahari, mama hakuuliza nitarudi lini. Alinifungia maharage na jibini nzima ya Masisi, akaniambia nisimtie aibu kwa wakwe.

Nilipanda pikipiki hadi Mweso, kisha gari kupitia Kitshanga, Mushaki na Sake mpaka Goma. Jioni nilishuka ufukweni mwa Ziwa Kivu. Wavuvi wa sambaza walikuwa wakiandaa mitumbwi yao, mitatu mitatu imefungwa pamoja, taa zikijaribiwa kabla ya giza. Kijana mmoja alikuwa akigonga ubavu wa mtumbwi kwa kopo, akifuatisha muziki wa simu. Mzee wa chombo akamkaripia: “Acha kupigapiga! Unawafukuza na hatujatoka hata.” Mzee hakukosea. Sambaza, ambaye aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni wa ukoo wa samaki ambao kibofu chao cha hewa kimeungana na sikio la ndani. Husikia kuliko samaki wengi, na baadhi ya dagaa wa baharini ni ndugu zake.

Asubuhi nilivuka mpaka wa Rwanda pale Petite Barrière. Kigali, Rusumo, Kahama, Singida, Dodoma, Morogoro: basi lilikula nchi na mimi nikalala nikiamka. Chalinze nikabadilisha gari, nikapita Segera, na Tanga ikanipokea kwa joto ambalo milima yetu hailijui. Nilionja maji ya bahari kama kila mgeni anavyofanya, shangazi akacheka mpaka akaketi.

Mume wake, ambaye namwita mjomba, ni mvuvi wa mshipi. Ulikuwa mwezi wa nane, msimu wa kusi, na kabla ya alfajiri alinipakia kwenye ngalawa. Kulipopambazuka tulikuwa tumetia nanga. Nililala chali juu ya mbao, kichwa kikiwa kimegusa ubavu wa chombo, kwa sababu tumbo lilikuwa linataka kurudisha chai ya shangazi. Ndipo nikaisikia: *tik*, kavu, ndani ya ubao, karibu kabisa na sikio. Nikaanza kuhesabu bila kujua kwa nini. Nilipofika sita au saba, ikaja sauti ya pili kwa njia ya hewa, nzito, ya mbali: *duu*. Nilijikunja sakafuni.

“Usiogope, mwanangu, si bunduki,” mjomba alisema. “Wanapigilia nguzo kule Chongoleani.”

Pigo lilikuwa moja, limetufikia kwa njia mbili. Hewani sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Majini hufika 1,500. Kama nyundo iko kilomita 3, maji huileta kwa sekunde 2 na hewa kwa karibu 9. Ubao wa ngalawa ulikuwa umenipa kusikia kile ambacho samaki aliye chini yetu alikuwa anasikia, na kwake hakuna sauti ya mbali inayokuja baadaye kumtuliza.

Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443, linaloanzia Hoima nchini Uganda. Ili meli kubwa zipakie, gati lake linaingia baharini karibu kilomita 2, juu ya nguzo za chuma. Na bahari yenyewe si tupu. Nyangumi wenye nundu hupanda kutoka kusini mwa dunia kati ya Julai na Novemba kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto. Pomboo wapo mwaka mzima, na wao hutumia sauti kutafuta chakula na kuitana. Kwenye vina virefu yupo silikanti, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walianza kumnasa kwenye majarife miaka ya 2000, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa jina lake.

Nilimuuliza mjomba kama nyundo imewahamisha samaki. Hakukimbilia lawama. Alisema wanasogea, na nyundo ikilala wengine hurudi. Kisha akanikumbusha kwamba Tanga ilizoea kelele mbaya zaidi: kwa miaka mingi watu walivua kwa baruti, ingawa sheria imekataza, na baruti huua kila kitu pamoja na matumbawe. Ukilinganisha na hiyo, nyundo ina adabu.

Lakini nyundo nayo inaweza kufundishwa adabu zaidi, na nimetumia wiki kadhaa kusoma namna gani. Njia ya kawaida ni kuanza polepole: mapigo mepesi kwanza, kisha nguvu inaongezwa, ili mnyama aliye karibu apate nafasi ya kuondoka. Mwongozo wa Uingereza unataka waangalizi waitazame bahari kwa dakika 30 kabla ya kazi, na nyundo isianze ikiwa pomboo au nyangumi yuko ndani ya mita 500. Mapigo mepesi nayo yadumu dakika 20 au zaidi.

Niliielewa njia hiyo haraka kuliko mhandisi, na nikauona upungufu wake. Kwetu, masasi yakianza kulia mbali, tunapata muda wa kubeba watoto na sufuria. Onyo linaokoa roho. Shamba halibebeki. Anayefika salama Mweso amefika bila mbegu, na mvua za kupandia hazimngoji. Pomboo aliyeonywa akaondoka amenusuru masikio yake, ila ameacha mahali pa kulisha ndama wake, na hatujui kama huko aendako pana nafasi. Mtu asihesabu kukimbia kuwa ni usalama uliokamilika.

Kwa sababu hiyo naona heshima zaidi kwenye njia zinazoishughulikia kelele yenyewe. Wajerumani wameweka kikomo kwenye Bahari ya Kaskazini: kelele ya pigo moja isizidi desibeli 160 kwa umbali wa mita 750, kwa kipimo cha majini ambacho si sawa na cha hewani. Ili kukitimiza, wajenzi hulaza bomba lenye matundu sakafuni mwa bahari kuizunguka nguzo, na kompresa hulisukumia hewa. Mapovu hupanda kama pazia, na sauti hupita kwa shida kutoka majini kuingia hewani na kutoka hewani kurudi majini. Ikishuka desibeli 10 tu, nguvu yake imebaki sehemu moja ya kumi. Pazia lina gharama, na mkondo mkali hulipeperusha. Pale ambapo udongo unaruhusu, nguzo huweza kutikiswa ishuke badala ya kugongwa, au shimo likachimbwa kwanza. Na kalenda haihitaji kompresa: kazi nzito ikipangwa nje ya miezi ya nyangumi, nusu ya ugomvi imekwisha.

Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini na wananchi wasikilizwe. Mjomba amehudhuria mikutano ya namna hiyo. Anasema watu huuliza fidia ya minazi, ya mashamba na ya siku zilizopotea, na wana haki. Hakuna aliyewahi kuuliza habari ya sauti. Kabla sijaondoka alinipa karatasi nimwandikie maswali ya kupeleka kwenye kikao cha BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe: mtapiga miezi gani, mtaipunguzaje kelele na si tu kuwafukuza samaki, nani atashusha chombo cha kupima majini, na sisi tutaonyeshwa vipimo vyake lini. La mwisho aliliongeza mwenyewe, kwa mwandiko wake: samaki wakiukosa msimu wa kuzaa, atalipwa nani?