Safu: kilugha kidogo cha kompyuta

Hapa Malindi nimo katika kuunda kilugha kidogo cha programu, nakiita Safu. Humo namba nyingi hufanyiwa kazi kwa mpigo mmoja. Ukitaka kugeuza saa za Kizungu ziwe za Kiswahili unaandika:

7 8 9 - 6

Unapata 1 2 3, bila kitanzi chochote. Lakini 6 inatoa sifuri, na sisi husema saa kumi na mbili! Basi nikaongeza kitenzi "saa", kinachozunguka 1 hadi 12.

Wazo si langu. Kenneth Iverson alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1962, ikazaliwa APL. Alama zake zilitaka kibodi ya pekee. Mwaka 1990 yeye na Roger Hui wakatoa J, inayotumia kibodi ya kawaida. J ina vitenzi na vielezi, na kielezi hufuata kitenzi kama kwetu: "jumlisha zote". Ndiyo maana Safu inatumia maneno.

Kilichonisumbua ni mwelekeo. APL na J hukokotoa kuanzia kulia: 3 × 2 + 4 ni 18, shuleni ni 10. Mzee aliyezoea Kiswahili cha hati za Kiarabu hatashangaa kuanzia kulia, ila mwanafunzi wa Kilifi atakosa alama kwenye mtihani. Nimeamua hivi: tunaanzia kulia, lakini kuzidisha na kujumlisha vikikutana bila mabano, Safu inakataa. Mabano ni herufi mbili tu. Afadhali hizo kuliko jibu linalokudanganya kimyakimya.